Kutoka dungu hadi ukutani: mwongozo kamili wa kuanzisha chumba cha sanaa ya ndege Dodoma

Nilijifunza kutazama ndege nikiwa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti la kulindia shamba, kombeo mkononi, nikiamia uwele wa bibi yangu. Kazi ilikuwa kuwafukuza kwelea, si kuwatazama. Lakini ukikaa juu ya miti minne tangu alfajiri hadi saa tano, macho lazima yapate kazi. Nikagundua kwamba si kwelea wote wana mdomo mwekundu: msimu wa kuzaliana ukifika, midomo ya majike hugeuka ya njano. Dume naye huvaa barakoa nyeusi usoni, na kuizunguka kuna rangi ya waridi iliyopauka, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Miaka mingi baadaye, tulipoanza kupanga chumba cha sanaa ya ndege kwenye shule ya kata yetu, picha ya kwanza niliyoitaka ukutani ilikuwa ya kwelea.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, kikundi cha wasanii, au kamati yoyote yenye chumba kimoja na hamu ya kukifanya makumbusho madogo ya ndege na mazingira. Huhitaji jengo la mabilioni. Huko Wausau, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mji wa watu wapatao 40,000, kuna Makumbusho ya Sanaa ya Leigh Yawkey Woodson. Yalifunguliwa mwaka 1976 katika nyumba ya makazi iliyotolewa na familia, na msingi wake ulikuwa ndege wa kauri ambao mama wa familia hiyo aliwakusanya enzi za uhai wake. Tangu mwaka huohuo wanaandaa kila mwaka onyesho liitwalo Birds in Art, linalopokea wachoraji na wachongaji kutoka nchi nyingi, na kiingilio ni bure. Nyumba moja, mkusanyiko mmoja, somo moja. Sisi tunalo darasa lisilotumika, tuna wasanii, na ndege tunao hadi kero.

Chagua ndege kabla ya kuchagua rangi ya ukuta

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Wewe tafuta 16 tu, na wawe wale ambao mtoto wa hapa anaweza kuwaona bila kupanda gari la watalii. Orodha yetu ilikuwa hivi: kwelea, mnana, fundi wa kusuka viota, hondohondo mwenye mdomo mwekundu, kwenzi wa rangi ya majivu, ambaye anaishi Tanzania na kipande kidogo cha Kenya tu, kanga, kware, njiwa, mwewe, bundi, mumbi, kunguru mwenye kifua cheupe, mbayuwayu, kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, ambao asili yao ni Tanzania hii hii, ndege anayewaongoza watu kwenye asali, na heroe, yaani flamingo.

Ukishaandika orodha, nenda ukawaone. Toka saa 12 asubuhi, rudi saa 3 jua likianza kuwa kali, kwani baada ya hapo ndege wengi hujificha kivulini. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha sana. Mkikosa fedha nunueni moja ya kikundi kizima, mpokezane. Bwawa la Hombolo ni zuri kwa ndege wa majini na liko karibu na mjini. Tindiga la Bahi linapendeza baada ya mvua, likishajaa. Ukifika Singida, maziwa ya Singidani na Kindai yako pembeni kabisa mwa mji, na heroe wakiwapo hutahitaji hata darubini. Kati ya Oktoba na Aprili utakutana pia na wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kama nguo zilizoanikwa.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, saa, mahali, na alikuwa anafanya nini. Hiyo ya nne ndiyo itakayolisha sanaa yako. "Kanga, Hombolo" haimsaidii mchoraji. "Kanga saba wanakimbia kwa mstari, wa mwisho anageuka nyuma mara kwa mara" tayari ni picha.

Sheria, kabla hujaokota unyoya

Watu wakisikia makumbusho ya ndege, wa kwanza kufika atakuletea mayai ndani ya kofia, wa pili mabawa ya tai aliyekufa. Wapokee kwa heshima, kisha waeleze. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu manyoya na mayai ya ndege wa porini kuwa nyara, na kumiliki nyara bila hati ni kosa. Kwa hiyo chumba chako kiwe cha sanaa: michoro, vinyago, ufinyanzi, picha za kamera, nguo, sauti zilizorekodiwa. Kuhusu kiota kitupu kilichoangushwa na upepo, muulize ofisa wa wanyamapori wa wilaya kabla hujakigusa. Ni vema ofisa huyo umshirikishe tangu mwanzo. Anajua ndege wa wilaya yake kuliko unavyodhani.

Kama chumba kiko shuleni, pata barua ya mkuu wa shule na kamati ya shule, nakala ipelekwe kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Wasanii wenu wajisajili Baraza la Sanaa la Taifa. Haya yafanyike mapema, kabla hamjatangaza siku ya ufunguzi.

Kupata kazi: mfundishe mtu kuona, kisha kuchora

Hapa ndipo nguvu kubwa iende. Ukitangaza tu "leteni picha za ndege", utapata tausi 30. Tausi si ndege wa hapa, ila kila mtu ameshamwona kwenye picha za Tingatinga. Simaanishi kudharau Tingatinga hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alianzisha mtindo ambao maelfu ya familia wamekula kwa jasho lake. Mtindo huo una nafasi chumbani kwako. Mwombe tu msanii wake akuchoree ndege aliyemwona kwa macho yake, tena amwekee mti wa kweli: mgunga, mbuyu au mkwaju.

Kabla ya kupokea kazi, fanyeni mafunzo ya Jumamosi mbili au tatu. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni hili. Kaeni mahali penye ndege wengi, hata kando ya jalala la soko. Kila mtu ana penseli na karatasi 20 ndogo. Mchoro mmoja, nusu dakika, basi, karatasi inayofuata. Usichore manyoya. Chora yai la mwili, na angalia yai limeinama kiasi gani: mwili wa njiwa hulala karibu sawa na ardhi, mwewe aliyetua husimama wima kama mlinzi. Kisha kichwa, halafu mstari wa mdomo, na mwisho miguu inatokea wapi. Wengi huweka miguu nyuma mno na ndege anaonekana anaanguka. Mguu lazima ushike uzito, hivyo kidole cha katikati kifike takribani chini ya katikati ya mwili.

Kwa kwelea, tulimwekea kila mwanafunzi picha kubwa ya kamera ya ndege mmoja, tukamwomba achore mdomo peke yake kwa nusu saa. Mdomo ule ni mfupi na mnene, shina lake pana karibu sawa na uso, umeumbwa kwa ajili ya kubangua punje. Msichana mmoja wa kidato cha pili alinyanyua uso akasema, "Mwalimu, hiki ni kinu." Nikamwambia aandike hivyo hivyo chini ya mchoro wake. Ndiyo maneno yaliyobaki ukutani mpaka leo.

Kama bajeti inaruhusu, wapeleke wasanii Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya kwenda Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pitieni kwanza ofisi ya mambo ya kale palepale Kolo mpate mwongozaji. Tazameni jinsi pofu au twiga alivyopatikana kwa mistari michache ya rangi nyekundu, bila kivuli wala mapambo. Msimwagie mwamba maji ili rangi ing'ae, msiguse, msiokote kipande. Baadhi ya mapango yale, kama Mungomi wa Kolo, wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko, hivyo ingieni kwa adabu mnayoingia nayo nyumba ya ibada.

Usiishie kwenye michoro. Tafuta mafundi wa vibuyu, wasusi wa vikapu, wachongaji, na vijana wanaounganisha chuma chakavu. Mwombe mzee wa zeze au ilimba akupigie wimbo unaomtaja ndege, urekodi. Kwa ndege wa asali, mada ipo tayari: Wahadzabe wa upande wa Mkalama na ziwa Eyasi humwita kwa mluzi, naye huwaita kwa kelele zake mpaka kwenye mzinga wa porini, kisha hula nta iliyobaki. Mchongaji akipewa habari hiyo hahitaji maelekezo zaidi.

Kila kazi ije na karatasi ya mistari miwili: ndege huyu nilimwona wapi, na alikuwa anafanya nini. Isiyo na karatasi irudi kwa mwenyewe kwa upole, aikamilishe. Wachaguzi wawe watatu: mmoja anayejua ndege, mmoja anayejua sanaa, na mkulima. Mkulima usimwache.

Chumba chenyewe

Adui wa Dodoma ni vumbi, jua na mchwa. Popo wakija juu ya dari, wahesabu nao.

Chagua chumba ambacho madirisha yake hayatazami magharibi. Kama huna budi, ziba ya magharibi kwa mbao na utundike picha juu yake. Madirisha mengine yapewe mapazia ya kitambaa cha marekani, mapana, yashuke chini ya kizingiti. Kati ya Juni na Septemba upepo ni mkavu na una vumbi jembamba linalopita kila mahali. Ziba nyufa za milango kwa vipande vya mpira, weka mkeka mkubwa nje ya mlango na mwingine ndani.

Mwanga upimwe. Zipo programu za simu za kupimia mwanga. Si kamili, ila zinatosha. Kazi za karatasi, rangi za maji na vitambaa zisizidi lukisi 50. Rangi za mafuta zinavumilia hadi 200. Lukisi 50 ni hafifu, mgeni atahisi giza kwa dakika moja kisha macho yazoee. Tumia taa za LED.

Mchwa sasa. Mwaka wetu wa kwanza tulifunga picha kwenye magazeti, tukaziegemeza ukutani sakafuni, tukaenda likizo. Tuliporudi, moja ilionekana nzima kabisa kwa mbele: kanga yuko palepale na madoa yake. Nilipoinyanyua ikakatika mikononi kama jivu la karatasi. Nyuma yote ilikuwa imeliwa. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachogusa sakafu. Rafu ziwe za chuma, miguu yake ikae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na kila Ijumaa mtu mmoja azunguke chumba kizima akitafuta njia za udongo kwenye kona na fremu za milango.

Fremu na kutundika

Seremala atakushauri mbao. Mninga unadumu na mchwa hauupendi, ila ni ghali na mzito. Msonobari ni nafuu, lakini lazima uwe umetiwa dawa na kukaushwa vizuri. Jambo moja simamia mwenyewe: kioo kisiguse picha. Kata karatasi nene iwe kama dirisha kuzunguka mchoro, au weka ufito mwembamba wa mbao pembeni, ili kati ya kioo na rangi kuwe na hewa. Usibandike mchoro kwa selotepu wala gundi ya mbao. Chemsha wanga wa ngano uwe uji mzito, paka vipande viwili vidogo vya karatasi laini, shikiza juu tu. Chini uache huru, karatasi ipanuke na kusinyaa bila kujikunja.

Katikati ya picha kuwe sentimita 145 kutoka sakafuni, na kama wageni wako wengi ni wa shule ya msingi shusha hadi 120. Hesabu ya skrubu huwachanganya watu, nitaionyesha. Picha ina urefu wa sentimita 60. Nusu yake ni 30. Vuta waya wa nyuma kwa kidole kama utakavyovutwa na skrubu, pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu wa fremu: tuseme 8. Basi 145 jumlisha 30 ni 175, toa 8, unapata 167. Toboa kwa 167. Tumia skrubu mbili kwa kila picha, si msumari mmoja, na fremu haitapinda mlango unapobamizwa na upepo.

Maelezo ya ukutani

Kila kazi iwe na kikaratasi chenye jina la msanii, jina la kazi, imetengenezwa kwa kitu gani, mwaka, kisha jina la ndege kwa Kiswahili, kwa Cigogo au lugha ya aliyemchora, na jina la kisayansi. Chini yake ile mistari miwili ya "nilimwona wapi". Herufi ziwe kubwa, saizi 24 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa.

Majina ya lugha za wenyeji hayapatikani kwa kukaa ofisini. Nendeni kwa wazee na picha mkononi, waulizeni zaidi ya mmoja, na andikeni kijiji alikotoka aliyesema, kwani Mgogo wa Mpwapwa na wa Bahi wanaweza kutaja majina tofauti. Vijana wengi leo wanamwita kila ndege mdogo "kandege" na kila mweusi "kunguru". Inaniuma, kwa sababu jina likishapotea hata ndege mwenyewe hawamtofautishi tena.

Bundi atawaletea maneno. Kuna mgeni hatasogea kwenye ukuta wenye bundi, kwa kuwa kwao analia juu ya nyumba ya mgonjwa. Usibishane naye. Mweke bundi mwisho wa njia, pembeni ya mlango wa kutokea, na kwenye maelezo andika kwamba chakula chake kikubwa ni panya, pamoja na wale wanaoingia ghalani.

Dungu katikati ya chumba

Hiki ndicho kitu ninachokusihi usikiache. Jenga dungu la kweli katikati ya chumba, la miti na kamba za kienyeji, ila jukwaa lisizidi mita moja na uzio uwe imara, watoto watapanda. Juu yake, kutoka darini, tundika kwelea 300 au 400 wa karatasi ya manila, kila mmoja amekatwa na kupakwa rangi na mwanafunzi mmoja. Watundike kwa urefu tofauti na wote waelekee upande mmoja, kundi lionekane linageuka.

Ukutani mbele yake weka hesabu hii: kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za punje kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10. Makundi ya namna hiyo si hadithi kwa mkulima wa mtama na uwele. Pembeni weka picha ya shamba lililoliwa, na ya ndege ya serikali ikipulizia dawa, pamoja na habari kwamba sumu hiyo huua pia mwewe na tai wanaokula kwelea waliokufa. Usimwandikie mkulima hitimisho. Chumba kinachompenda kwelea na kumsahau aliyekosa chakula hakitaheshimiwa na mtu wa hapa, nami sitakiheshimu.

Rejista na makubaliano

Siku kazi inapoingia, ipe namba: mwaka, kundi, kitu. Kazi ya tatu ya kundi la kwanza mwaka 2025 ni 2025.1.3. Iandike nyuma kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino, na kwenye daftari gumu pamoja na vipimo, hali yake na jina la mwenyewe. Piga picha mbele na nyuma. Kama ni ya kuazima, andikianeni: inarudi lini, nani analipa usafiri, ikiharibika thamani yake ni ngapi. Na kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kununua mchoro hakukupi ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana. Hiyo ni haki ya msanii, mwombe na mlipane.

Kufungua, na kutunza kila wiki

Siku nzuri ya ufunguzi ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, Siku ya Ndege Wahamao Duniani, mbayuwayu wakiwa ndio wanafika. Siku ya Makumbusho Duniani, 18 Mei, nayo inafaa. Kisha chukueni kazi kumi imara mpeleke Nzuguni kwenye Nane Nane. Hakuna mahali pengine katika kanda hii utakapowapata wakulima wengi hivyo mbele ya picha ya kwelea.

Kiingilio kiwe bure kwa wanafunzi, sanduku la mchango likae mlangoni. Shule zikija, waingie 20 kwa zamu, kila mmoja na penseli na nusu karatasi, achague ndege mmoja amchore. Watakaa zaidi na watagusa kidogo.

Vumbi lifutwe kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa kitambaa kibichi. Ukikuta unga mwembamba chini ya kinyago, ni bungua. Kifunge kinyago kwenye nailoni, ukitenge, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache siku nzima ndani ya nailoni yake kabla ya kukifungua, unyevu usikae juu ya mbao. Michoro ya rangi usiigandishe, itapasuka.

Kazi za karatasi zikae ukutani miezi minne, kisha zilazwe gizani kwa muda, nyingine zichukue nafasi. Ya kwelea na kinu chake tunaishusha kila Agosti. Yule msichana, ambaye sasa ni mwalimu, huja mwenyewe kuifunga.